Mwanga wa Usiku katika Bustani ya Hekalu

Utangulizi

Katika masomo yaliyopita umejifunza kwamba mwanga husafiri katika mistari iliyonyooka, na kwamba kitu kisichopitisha mwanga hufanya kivuli. Katika somo hili tutatumia maarifa hayo kueleza kazi moja iliyo ngumu kuliko inavyoonekana. Kazi hiyo ni kuangaza jengo la kale la mbao, pamoja na bustani yake, wakati wa usiku.

Huenda ukasema, "Kazi hiyo ni rahisi. Zinaletwa taa nyingi, kisha zinawashwa." La, sivyo. Mwanga mkali mno huumiza macho na huficha umbo la vitu. Taa yenye joto kali huweza kuunguza mbao kavu. Mwanga huweza kupausha rangi, kuua wadudu na kuisumbua miti. Jengo lililodumu kwa miaka 400 linaweza kuharibiwa na taa zilizowekwa ili watu walifurahie.

Basi swali letu ni hili: watu wanawezaje kukiona kitu cha kale usiku, bila ya mwanga wenyewe kukiharibu? Ili kulijibu, tutakwenda kwa mawazo hadi Japani.

1. Hekalu la Kodai-ji

Japani ni nchi ya visiwa iliyo mashariki ya bara la Asia. Mmoja wa miji yake ni Kyoto, ambao ulikuwa makao ya wafalme wa nchi hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka 1,000. Mji huo una mahekalu mengi ya dini ya Buddha.

Mwaka 1598 alifariki mtawala mmoja mwenye nguvu, jina lake Toyotomi Hideyoshi. Mkewe, aliyeitwa Nene, akawa mtawa. Mwaka 1606 Nene alianzisha hekalu chini ya vilima vya mashariki ya Kyoto kwa ajili ya kumkumbuka mumewe. Hekalu hilo huitwa Kodai-ji. Ni hekalu la Zen, yaani tawi la dini ya Buddha linalotilia mkazo kukaa kimya na kutafakari.

Majengo ya Kodai-ji ni ya mbao. Vibanda viwili vya kunywea chai vimeezekwa kwa nyasi. Katika jengo dogo ambalo Nene amezikwa chini yake, mbao zimepakwa utomvu wa mti, ambao ukikauka huwa mgumu na hung'aa. Juu ya utomvu huo mafundi walitia michoro kwa unga wa dhahabu. Nje kuna mabwawa mawili, daraja lenye paa, kichaka cha mianzi, na uwanja wa changarawe nyeupe uliochorwa mistari kwa reki. Aidha, ipo miti ambayo Wajapani huiita momiji. Majani yake yana ncha kama vidole vya mkono wa mtoto mchanga, na mwezi wa Novemba hugeuka kuwa mekundu kabla ya kupukutika.

Kila mwaka, katika majira ya kuchipua na tena katika majira ya kupukutika majani, bustani ya Kodai-ji huangazwa kwa taa za umeme wakati wa jioni. Watu wengi hupanda ngazi za mawe kwenda kuitazama. Usiku unapoendelea wageni huondoka na taa huzimwa.

Kyoto iko mbele yetu kwa saa 6. Kwa hiyo, saa 12 jioni, wakati taa za hekalu zinapong'aa gizani, huku Afrika ya Mashariki ni saa 6 mchana na jua li utosini.

2. Tunaonaje kitu usiku?

Ili tuone kitu, ni lazima mwanga utoke kwenye kitu hicho na kuingia machoni mwetu. Vitu vingine hutoa mwanga wake vyenyewe. Jua, moto na taa ni mifano. Vitu hivyo huitwa vyanzo vya mwanga. Vitu vingi, kama vile kitabu, mti na ukuta, havitoi mwanga wake. Tunaviona kwa sababu mwanga wa jua au wa taa huvigonga, kisha hurudishwa kuja machoni mwetu. Kurudishwa huko huitwa kuakisiwa.

Je, mwezi ni chanzo cha mwanga? Hapana. Mwezi huakisi mwanga wa jua. Mwanga wa jua la mchana ni mkali kuliko mwanga wa mwezi mpevu mara 400,000 hivi. Hata hivyo, usiku wa mbalamwezi unaweza kutembea njiani, kutambua nyumba ya jirani, na hata kucheza uwanjani.

Watu waliojenga Kodai-ji hawakuwa na umeme. Waliwasha taa za mafuta na mishumaa, na waliuthamini sana mwanga wa mwezi. Juu ya daraja lenye paa walijenga mahali padogo pa kukaa, panapoitwa Kangetsudai. Maana yake ni jukwaa la kuutazamia mwezi. Kwa hiyo, bustani hii ilitengenezwa tangu mwanzo ili itazamwe hata katika mwanga mdogo. Fundi wa taa wa siku hizi anapaswa kulikumbuka jambo hilo.

3. Bwawa lililo kama kioo

Bwawa moja la Kodai-ji huitwa Garyo-chi, yaani bwawa la joka lililolala. Usiku, wakati upepo umetulia, miti mekundu inayolizunguka huonekana mara mbili: mara moja juu ya ardhi, na mara ya pili ndani ya maji, vichwa chini. Mgeni anayeiona kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba chini yake kuna shimo refu lenye miti.

Fanya jaribio lifuatalo uone jinsi jambo hilo linavyotokea.

Jaribio la 1

Vifaa: karai au beseni, kitambaa cheusi, maji, kijiti chenye majani, tochi.

Njia:
(a) Tandika kitambaa cheusi ndani ya karai. Kisha mimina maji mpaka karai likaribie kujaa.
(b) Weka karai katika chumba chenye giza. Ngoja maji yatulie.
(c) Mwambie mwenzako asimamishe kijiti ukingoni mwa karai, upande wa pili wako.
(d) Mulika tochi kwenye kijiti. Usiyamulike maji. Tazama maji.
(e) Sasa mulika tochi kwenye maji, kisha tazama tena.
(f) Gusa maji kwa kidole chako. Taswira ya kijiti imekuwaje?

Maelezo: Maji yaliyotulia huakisi mwanga kama kioo bapa. Ukiurusha mpira sakafuni kwa mshazari, nao huruka upande wa pili kwa mshazari ule ule. Mwanga nao hufanya hivyo hivyo juu ya maji. Mwanga uliotoka kwenye kijiti huyagonga maji, huakisiwa, na kuingia machoni mwako. Maji yakitikisika, uso wake haunyooki tena. Mwanga hutawanyika pande nyingi, na taswira huvunjika vipande vipande.

Umeona pia kwamba ulipoyamulika maji yenyewe, taswira ya kijiti ilififia. Badala yake pengine uliona mng'ao wa tochi tu. Kwa sababu hiyo mafundi wa bustani hawayamuliki maji. Huimulika miti na kuliacha bwawa gizani. Maji hubaki meusi, na kwa kuwa ni meusi huonyesha taswira vizuri.

4. Mistari juu ya changarawe

Mbele ya ukumbi mkuu wa Kodai-ji kuna uwanja wa changarawe nyeupe. Watunzaji wa bustani huuchora mistari kwa reki kubwa ya mbao. Mistari hiyo haina kina kirefu. Ukiumulika uwanja huo kutoka juu utaona weupe mtupu. Je, taa ziwekwe wapi ili mistari ionekane?

Jaribio la 2

Vifaa: sinia au kipande cha ubao, mchanga mkavu, tochi.

Njia:
(a) Sambaza mchanga juu ya sinia. Uchore mistari kwa vidole vyako vinne.
(b) Katika chumba chenye giza, ishike tochi juu kabisa ya sinia na uimulike chini. Tazama mistari.
(c) Sasa ilaze tochi ubavuni mwa sinia, ili mwanga upite juu ya mchanga kwa mshazari. Tazama tena.

Maelezo: Mwanga ulipotoka juu, uliyafikia matuta na mabonde ya mchanga kwa kadiri moja. Ulipotoka ubavuni, kila tuta lilipata upande wenye mwanga na upande wenye kivuli. Kivuli ndicho kilichokuonyesha umbo la tuta.

Kumbuka sana jambo hili: macho hayatambui umbo la kitu kwa mwanga peke yake, bali kwa mwanga na kivuli pamoja. Mahali pasipo na kivuli chochote, mawe, miti na nguzo huonekana kama picha iliyobandikwa ukutani. Fundi mwema huchagua mahali pa kuweka taa, na huchagua vilevile mahali pa kuacha giza.

5. Majani na karatasi

Chukua jani bichi jembamba. Lishike mbele yako, na mwenzako alimulike kutoka upande wako. Utaona uso wa jani tu. Sasa mwambie alimulike kutoka nyuma ya jani. Jani litang'aa, na utaiona mishipa yake yote.

Jani jembamba hupitisha sehemu ya mwanga, lakini huwezi kuona vitu vilivyo nyuma yake waziwazi. Karatasi nyembamba nayo iko hivyo. Katika nyumba na mahekalu ya Japani, milango mingi ni fremu za mbao zilizobandikwa karatasi nyeupe. Taa ikiwashwa ndani, karatasi huutawanya mwanga, na mlango mzima hung'aa kwa upole bila kuumiza macho.

Kwa miti ya momiji, mafundi huweka taa chini, karibu na shina, zikielekea juu. Mwanga hupenya kwenye majani na kuyafanya mekundu zaidi machoni pa mtu anayesimama chini yake. Taa zenyewe hufichwa nyuma ya mawe au vichaka. Kwa nini zifichwe? Sehemu inayofuata itakueleza.

6. Macho yetu na giza

Katikati ya jicho kuna tundu jeusi liitwalo mboni. Mboni husinyaa penye mwanga mwingi na hupanuka penye giza. Mchana upana wake huweza kuwa milimita 2 tu. Gizani huweza kufikia milimita 7 kwa kijana. Kwa kupanuka hivyo, mboni huingiza mwanga mwingi zaidi.

Mboni hupanuka upesi, lakini sehemu ya ndani ya jicho inayohisi mwanga huchukua muda mrefu kuzoea giza. Ukitoka katika chumba chenye taa kali na kuingia gizani, utahitaji kama dakika 20 hadi 30 kabla macho yako hayajazoea kabisa. Taa moja kali ikikumulika usoni katika muda huo, sehemu kubwa ya kuzoea huko hupotea kwa sekunde chache.

Sasa unafahamu kwa nini taa za bustani hufichwa. Mgeni akiiona taa yenyewe, mboni zake husinyaa, na bustani yote humwia nyeusi. Asipoiona taa, bali akaona tu kitu kilichomulikwa, macho yake hubaki yamezoea giza. Hapo mwanga mdogo humtosha. Kwa hiyo, kuificha taa ni njia ya kupunguza idadi ya taa zinazohitajika.

7. Adui mkubwa: moto

Majengo ya mbao yana adui mmoja kuliko wote, nao ni moto. Hekalu la Kodai-ji limepatwa na moto mara kadhaa. Moto wa mwaka 1789 uliharibu sehemu yake, na baadaye ikafuata mioto mingine. Ukumbi mkuu unaouona leo ulijengwa upya mwaka 1912. Majengo machache tu yamebaki tangu siku za Nene, na mojawapo ni lile lenye michoro ya dhahabu.

Mahekalu mengine yalipata hasara kubwa zaidi. Tarehe 26 Januari mwaka 1949, moto ulizuka katika hekalu la Horyu-ji, ambalo lina baadhi ya majengo ya mbao yaliyo ya kale kuliko yote duniani. Michoro ya ukutani yenye umri wa zaidi ya miaka 1,200 iliungua. Mwaka uliofuata, jumba la dhahabu la Kinkaku-ji, hekalu la Zen huko Kyoto, liliteketezwa na mtu aliyelitia moto kwa makusudi. Lilijengwa tena mwaka 1955. Mwaka 1950 Japani ilitunga sheria ya kulinda mali za kale za taifa. Hadi sasa, kila ifikapo tarehe 26 Januari, watunzaji wa mahekalu na wazima moto hufanya mazoezi ya kuzima moto kwa mipira ya maji.

Kwa nini taa ihusike na moto? Tazama jinsi taa za aina mbalimbali zinavyotoa mwanga.

Taa ya mafuta na mshumaa hutoa mwanga kwa kuungua. Hapo pana ndimi za moto wazi. Upepo au mkono wa mtu ukiiangusha taa, moto huweza kuenea.

Balbu ya zamani ina uzi mwembamba wa madini. Umeme unapopita katika uzi huo, uzi hupata joto la zaidi ya digrii 2,000 za Sentigredi, kisha huwaka kwa mng'ao. Lakini kati ya kila sehemu 100 za nishati inayotumika, sehemu kama 5 tu huwa mwanga unaoonekana. Zilizobaki karibu zote huwa joto. Balbu kubwa ya namna hii haifai kabisa kuwekwa karibu na mbao kavu au majani makavu.

Taa za LED hazina uzi wa kuwaka. Ndani yake kuna kipande kidogo sana cha madini maalumu ambacho hutoa mwanga umeme unapopita. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Hupata joto pia, lakini dogo zaidi.

Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa za rangi nyekundu na kijani tu zenye nguvu ya kutosha. Bila ya buluu, haikuwezekana kupata mwanga mweupe. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walifanya kazi kwa miaka mingi mpaka wakafaulu kutengeneza LED ya buluu yenye mwanga mkali. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Katika taa nyingi nyeupe za siku hizi, mwanga wa buluu hupita katika unga maalumu unaotoa rangi ya manjano, na rangi hizo mbili zikichanganyika macho yetu huona weupe.

8. Madhara mengine ya mwanga

Moto ukizuiwa, kazi haijakwisha. Mwanga wenyewe huweza kudhuru kidogo kidogo.

Kwanza, mwanga hupausha rangi. Tazama kanga iliyoanikwa juani kila siku, kisha uilinganishe na kanga iliyokaa sandukuni. Jua lina miale isiyoonekana iitwayo urujuanimno, na miale hiyo huvunjavunja rangi. Utomvu unaong'aa kwenye mbao za Kodai-ji nao hudhurika kwa miale hiyo: hupoteza mng'ao na kupasuka nyufa ndogo. Taa nyeupe za LED kwa kawaida hutoa urujuanimno kidogo mno. Hata hivyo, michoro ya zamani haipaswi kumulikwa kwa mwanga mkali wala kwa muda mrefu, kwa sababu rangi iliyopauka hairudi.

Pili, mwanga huwavuta wadudu. Umewaona kumbikumbi na nondo wakiizunguka taa mpaka wakaanguka. Mwanga wenye buluu na urujuanimno huwavuta zaidi. Mwanga wa rangi ya manjano huwavuta kidogo. Wadudu wakifa ovyo, ndege na popo hukosa chakula, na maua hukosa wa kuyachavusha.

Tatu, mimea hutumia urefu wa usiku kujua majira. Mpunga ulio karibu na taa za barabarani huchelewa kutoa masuke, kwa sababu kwa mpunga huo usiku umekuwa mfupi mno. Miti mingine iliyo karibu na taa huchelewa kupukutisha majani yake. Kwa hiyo, ni vema kuangaza bustani kwa majuma machache tu ya mwaka, na kuzima taa usiku unapoendelea, ili miti nayo ipate giza lake.

9. Kanuni za fundi wa taa

Kutokana na yote tuliyojifunza, tunaweza kuandika kanuni tano:

1. Tumia mwanga mdogo unaotosha, wala usizidi.
2. Imulike shabaha, usimulike anga wala macho ya watu.
3. Acha kivuli mahali pake, kwa maana kivuli huonyesha umbo.
4. Weka taa mbali na kitu kinachoweza kuungua au kupauka.
5. Zima taa wakati hakuna anayetazama.

Kanuni hizi hazihusu mahekalu ya Japani peke yake. Taa ya darasani, ya dukani, ya barabarani na ya nyumbani kwenu zinaweza kupimwa kwa kanuni hizo hizo. Mtu anayeweka taa kali mlangoni ikimulika machoni mwa wapita njia hajawasaidia waone. Amewapofusha, na juu ya hayo amelipia umeme wa kufanya hivyo.

Muhtasari

Tunaona vitu kwa sababu vinatoa mwanga au vinaakisi mwanga. Maji yaliyotulia huakisi kama kioo. Mwanga wa kutoka ubavuni hufanya vivuli vinavyoonyesha umbo. Vitu vyembamba kama majani na karatasi hupitisha sehemu ya mwanga. Macho yaliyozoea giza huhitaji mwanga mdogo. Mwanga ukizidi, au ukiwa na joto kali, huweza kuharibu kile kile tulichotaka kukiona.

Maneno ya kukumbuka

Kuakisi: kuurudisha mwanga uliogonga uso wa kitu.
Chanzo cha mwanga: kitu kinachotoa mwanga wake chenyewe.
Taswira: sura ya kitu inayoonekana katika kioo au majini.
Mboni: tundu la katikati ya jicho linalopitisha mwanga.
Urujuanimno: miale isiyoonekana ambayo hupausha rangi.
Wati: kipimo cha umeme ambao kifaa hutumia kwa wakati mmoja.

Maswali

1. Taja vyanzo vitatu vya mwanga. Eleza kwa nini mwezi haumo katika orodha yako.
2. Kwa nini miti huonekana vizuri ndani ya bwawa wakati upepo umetulia?
3. Katika Jaribio la 2, ni mwanga wa kutoka wapi ulioonyesha mistari ya mchanga vizuri zaidi? Eleza sababu yake.
4. Mgeni wa bustani analalamika kwamba taa ni nyingi lakini haoni chochote. Unadhani taa hizo zimewekwaje? Mshauri fundi.
5. Toa sababu mbili za kutumia taa za LED badala ya balbu za zamani karibu na jengo la mbao.
6. Bustani moja ina taa 100. Kila taa huwashwa kwa saa 4. (a) Ikiwa kila taa ni ya wati 60, zidisha wati kwa idadi ya taa na kwa saa. (b) Fanya hivyo tena kwa taa za wati 9. (c) Toa jibu la pili kutoka jibu la kwanza. Tofauti hiyo ni kiasi cha umeme kilichookolewa katika usiku mmoja.
7. Ikiwa huku Afrika ya Mashariki ni saa 7 mchana, ni saa ngapi huko Kyoto?

Kazi ya kufanya

Leo jioni, toka nje pamoja na mtu mzima wa nyumbani kwenu, mahali palipo salama, mbali na taa. Simama kwa dakika moja na uhesabu vitu unavyoviona. Ngoja kwa dakika 15 bila kutazama taa yoyote, kisha hesabu tena. Andika hesabu zote mbili katika daftari lako, uzilete darasani, na mzilinganishe. Jadilianeni: je, ni mwanga ulioongezeka, au ni macho yenu yaliyobadilika?